Usimjazie Mtu Nili

Hotuba kwa vijana wa kujitolea na viongozi wa vyama vya akiba, Kayole, Nairobi

Mwenyekiti, mama zetu mliofunga biashara mapema ili mfike, wazee, na ninyi vijana mtakaokaa kwenye meza za kusaidia watu kuanzia Jumamosi: hamjambo.

Nimeombwa niseme kuhusu ushuru. Najua mtu akilisikia neno hilo mtaani hushika mfuko kwanza, aone kama kilichobaki bado kipo. Leo tulieni, sikuja kwa upande huo. Nimekuja kuzungumzia ushuru ambao mtu ameshalipa, akalipa kupita kiasi, na jinsi mtakavyomsaidia aurudishiwe.

Nitasema mengi, na mengine mtayasahau kabla ya kufika stendi ya Masimba. Hili moja msilisahau: usimjazie mtu nili, yaani ritani tupu, kabla hujamuuliza kama mwaka jana alikatwa chochote, na nani.

Mnajua Juni inavyokuwa hapa. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa za mapato na ushuru, za mwaka uliopita, na watu wetu huikumbuka ikiwa imebaki siku mbili. Saiba zote zinajaa. Kijana wa saiba ana foleni hadi nje, hana nafasi ya kumhoji mtu. Anaomba PIN, ile namba ya ushuru, na paswadi, anaingia, anabonyeza ritani tupu, ile tunayoiita nili, anachapa karatasi ya kuthibitisha, anapokea pesa yake, haya, anayefuata. Mteja anaondoka ameridhika kwa sababu ameikwepa faini ya shilingi 2,000. Kumbe mteja huyo alikuwa ameajiriwa kuanzia Januari hadi Juni, na kila mwezi mshahara wake ulikatwa ushuru. Sasa kwa jina lake mwenyewe ameiandikia serikali kwamba mwaka mzima hakupata senti wala hakukatwa senti. Atadai nini tena?

Kijana wa saiba simlaumu sana. Yeye hulipwa kwa idadi ya vichwa, na aliyeketi mbele yake mara nyingi ndiye anayemwambia, "Nifanyie ile ya haraka." Ninyi hamtalipwa kwa vichwa. Kwa hivyo hamna sababu ya kuharakisha.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Naomba mnivumilie hapa, maana hapa ndipo pesa ilipo.

Ushuru wa mshahara, PAYE, hukatwa na mwajiri kila mwezi. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Zinazofuata mpaka 32,333 hutozwa asilimia 25. Kutoka hapo hadi 500,000 ni asilimia 30. Juu ya hapo kuna viwango vingine, ila sidhani kama kuna mtu humu ukumbini vinamhusu. Akiwepo, atununulie chai. Ukishapata jumla, unaondoa nafuu ambayo kila mfanyakazi anayeishi nchini anapewa, shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Ndiyo maana mwenye mshahara wa 24,000 halipi PAYE: asilimia 10 yake ni 2,400, na nafuu ni hiyo hiyo 2,400. Nafuu hii ilipandishwa Aprili 2020, wakati wa corona. Kabla ya hapo ilikuwa 1,408.

Shida inaanzia hapa. Mwajiri anapokukata ushuru wa Januari hajui kama Desemba utakuwa bado upo. Anakata kana kwamba utafanya kazi miezi yote kumi na miwili. Lakini ushuru wa mapato, kisheria, ni wa mwaka. Hesabu ya kweli hufanywa mwaka ukiisha, mapato yako yote yakiwa yamejumlishwa.

Chukueni mfano wa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo huko Industrial Area. Baada ya kuondoa akiba ya uzeeni ya NSSF, michango ya bima ya afya ya SHIF na ada ya nyumba, mshahara wake unaotozwa ushuru ni 40,000. Ile 24,000 ya kwanza inatoa 2,400. Sehemu ya pili, 8,333, kwa asilimia 25 ni kama 2,083. Inabaki 7,667, na asilimia 30 yake ni 2,300. Jumla 6,783. Ondoa nafuu ya 2,400, anakatwa 4,383 kila mwezi. Juni kiwanda kinapunguza watu, naye yumo. Amefanya miezi sita, amekatwa zaidi ya 26,000. Mpaka Desemba anaokota vibarua vya hapa na pale, leo kufua, kesho kuuza nguo za mitumba kwa niaba ya mtu, havizidi vijisenti.

Mwaka umeisha. Mshahara wake wa mwaka mzima ni 240,000. Kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka kinafika hadi 288,000, kwa hivyo yumo ndani yake wote. Ushuru wake wa mwaka ni 24,000, na nafuu ya mwaka ni 28,800. Nafuu imeushinda ushuru. Mwaka huo hakutakiwa kulipa PAYE hata shilingi moja. Hata ukiviandika vile vibarua kwenye ritani, na inafaa uviandike, bado nafuu ina nafasi ya kuvimeza. Ile 26,000 na zaidi ni yake yote. Kwa mtu aliyepoteza kazi, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, au karo ya mtoto ambaye alikuwa karibu kurudishwa nyumbani.

Na hakuna atakayempigia simu. Mkiwa kwenye matatu na nauli ni 50, ukampa makanga noti ya 500, chenji haishuki nawe kwenye stendi yako. Unaidai ukiwa bado ndani, tena kwa sauti.

Msidhani ni sisi tu. Marekani tangu 1975 wana nafuu ya ushuru kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, inaitwa EITC, na yao ni nono kuliko yetu: mtu anaweza kupewa hata zaidi ya alichokatwa. Hata hivyo mamlaka yao ya ushuru, IRS, yenyewe inasema kama mmoja kati ya kila watano wanaostahili haidai. Ndiyo maana huko kuna mpango wa watu wa kujitolea, VITA, ambao hufunzwa na kuwajazia wenzao fomu bila malipo. Kwetu serikali haikuongezei kitu. Inakurudishia kile tu kilichokuwa chako. Sababu zaidi ya kukidai.

Mbali na huyo fundi wa kiwanda, nani mwingine mtakutana naye mezani?

Mtakutana na vijana wa kazi za mkataba. Kuna dada ameendesha mafunzo ya siku chache kwa shirika fulani, wakakubaliana 60,000. Zikaingia 57,000. Ile 3,000 ni ushuru wa zuio wa asilimia 5, ambao mlipaji huukata kabla ya kukulipa; imepelekwa KRA, mamlaka yetu ya ushuru, kwa jina lake na kuandikiwa cheti kwenye iTax, mfumo wao wa mtandaoni. Kama mapato yake ya mwaka hayakufika 288,000, ile 3,000 ni yake. Wengi wa vijana hawa wanajua walikatwa, ila huchukulia kwamba imeenda imeenda.

Mtakutana na wanaolipa bima. Kuna mama zetu wamejifunga kibwebwe kulipia bima ya elimu ya watoto, 2,000 kila mwezi. Sheria inampa mwajiriwa nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa kwa bima ya maisha, ya elimu au ya afya, isizidi 60,000 kwa mwaka. Ya elimu lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Kwa 2,000 ya mwezi, nafuu ni 300, kwa mwaka 3,600, mradi ushuru unaokatwa ufike hapo. Si pesa ya kununua shamba, ila ni mifuko kadhaa ya unga. Kinachotakiwa ni cheti cha mwaka kutoka kwa kampuni ya bima. Tangu Julai 2025, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, mwajiri analazimika kukuhesabia nafuu zako zote moja kwa moja kwenye mshahara. Ni sheria nzuri. Lakini mwajiri hawezi kuhesabu cheti ambacho hajawahi kukiona, kwa hivyo mwambieni huyo mama akipeleke kazini kwake wiki hiyo hiyo.

Watakaowauliza kuhusu SHIF na ada ya nyumba, msiwachanganye. Zamani mchango wa NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, ulikuwa unahesabiwa kama nafuu. Tangu Desemba 27, 2024, SHIF na ada ya nyumba huondolewa kwenye mshahara kabla ushuru haujahesabiwa. Kazi yenu ni kuangalia kama kweli mwajiri aliziondoa. Linganisha mshahara wote na ule unaotozwa ushuru: kama namba mbili hizo ni sawa na mtu alikatwa SHIF na nyumba, kuna jambo.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa sababu kati ya wote wanaodhulumiwa na ukimya, hawa ndio wanaoumia zaidi. Sheria inasema mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na mwenye cheti cha msamaha hatozwi ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi. Laki moja na nusu! Mnawajua wangapi hapa Kayole wenye ulemavu wanaopata zaidi ya hapo? Basi maana yake, karibu kila mfanyakazi mwenye ulemavu mtaani kwetu hatakiwi kukatwa PAYE hata kidogo. Sasa chukua ndugu anayefanya usafi kwenye jumba la ofisi mjini, mguu wake ulipooza kwa polio tangu utotoni, mshahara unaotozwa ushuru ni 30,000. Anakatwa 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 18,000. Anakatwa kwa sababu hana karatasi, na hana karatasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia ipo.

Njia yake ni ndefu na sitawadanganya. Anaanza hospitali ya serikali apimwe na kujaziwa ripoti ya daktari. Ripoti hiyo inampeleka kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu asajiliwe. Akishasajiliwa, anaomba msamaha wa ushuru kupitia iTax, na KRA itataka kwanza ritani zake ziwe zimewasilishwa. Cheti nacho kina muda, kikiisha kinaombwa upya. Ukimtajia mtu mambo haya yote kwa pamoja anakata tamaa akiwa bado kwenye kiti. Kwa hivyo usimtajie yote. Mpe hatua ya kwanza, mwandikie siku ya kwenda, na kama anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitalini, hilo nalo ni kazi ya kujitolea, hata kama halihusu kompyuta. Mimi ningependa meza moja kati ya meza zenu iwe ya watu hawa peke yao, na aliyekaa hapo asibanwe na foleni.

Upande wa pili, kuna watu watakaokuja na matumaini na hamna cha kuwapa. Semeni ukweli mapema. Mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa kima cha chini, ambacho hapa Nairobi kilikuwa 16,113 na senti zake kilipopandishwa kwa asilimia 6 mwaka 2024, hakatwi PAYE. Hana cha kurudishiwa huko. Ushuru anaoulipa yeye uko dukani, ile VAT ya asilimia 16 kwenye sabuni na muda wa maongezi, na huo hakuna fomu ya kuudai. Nadhani hilo si haki, na nimelisema kwenye vikao vingine, lakini leo si siku yake.

Kuna na wale ambao hesabu itawageukia. Mtu ana kazi mbili kwa wakati mmoja, mchana ni karani, usiku ni bawabu, na kila mwajiri amempa nafuu ya 2,400. Nafuu ni moja kwa kila mtu. Mkijumlisha, huyu anadaiwa. Msimfiche, wala msimjazie kazi moja mkaiacha nyingine ili atoke na tabasamu. KRA inaona waajiri wote wawili, kwa sababu wote huandika PIN yake kila mwezi.

Sasa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na PAYE ndiyo mali yenyewe. Daftari lake ni fomu ya P9. Ni karatasi moja yenye mistari ya miezi yote: mshahara, NSSF, kilichotozwa ushuru, nafuu, ushuru uliokatwa, na juu kabisa PIN ya mwajiri. Mwajiri anatakiwa kumpa kila mfanyakazi mwaka ukiisha. Aliyetoka kazini katikati ya mwaka ndiye anayeihitaji zaidi, na ndiye ambaye hawezi kuipata kwa urahisi, kwa sababu ameshatoka, lango limefungwa, na aliyekuwa ofisini amebadilishwa. Hivyo wafundisheni watu: siku ya kuondoka, pamoja na mshahara wa mwisho, omba P9 yako ya miezi uliyofanya. Tena omba kwa barua pepe, ili ombi lenyewe libaki na ushahidi.

Asiyekuwa na P9, mpeni matumaini kidogo. Mwajiri hutakiwa kuwasilisha PAYE ya kila mwezi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, akitaja PIN ya kila aliyekatwa. Kwa hivyo ingieni kwenye iTax ya mtu mwenyewe, anzeni kujaza ritani ya mapato ya ajira, muone kama taarifa za mwajiri zinajitokeza. Zikijitokeza, mna pa kuanzia.

Zisipojitokeza, hapo kuna kisa kingine, na kwa bahati mbaya mtakiona mara nyingi. Mtu ana karatasi za mshahara za miezi yote, kila moja imeandikwa PAYE imekatwa, ila kwenye mfumo hakuna kitu. Mwajiri alikata, akakaa nazo. Hii hutokea sana kwa makampuni yanayoajiri watu kwa ajili ya makampuni mengine, walinzi, wasafishaji, watu wa mjengo. Mbele ya sheria deni hilo ni la mwajiri, lakini ombi la mfanyakazi litakwama. Msimkatie tamaa mtu huyu na msimwahidi kitu. Mkusanyieni karatasi za mshahara, taarifa za benki au za M-Pesa zinazoonyesha alichopokea, mkataba kama upo, aende nazo KRA mwenyewe aeleze. Na kama ni wengi kutoka kampuni moja, waende pamoja. Mfanyakazi mmoja mwenye bahasha ni rahisi kuambiwa rudi kesho. Kumi na wawili wakiwa na karatasi zilizofanana ni habari nyingine.

Jambo jingine dogo linalokwamisha watu wakubwa: barua pepe. Wengi wetu PIN zetu tulifunguliwa saiba, na kijana akaweka barua pepe yake kwa sababu sisi hatukuwa na yetu. Miaka imepita. Paswadi imesahaulika, na ukibonyeza ya kubadilisha, ujumbe unaenda kwa kijana ambaye siku hizi anaendesha bodaboda Kitengela. Vyeti vya ushuru wa zuio navyo vinaenda huko huko. Mtu wa namna hii msimalizie siku mkijaribu kubahatisha paswadi. Mfungulieni barua pepe yake kwenye simu yake, paswadi aiandike yeye kwa mkono wake, kisha aende na kitambulisho Huduma Centre ya Makadara, kwenye dawati la KRA, wambadilishie. Hawatozi pesa. Akirudi, mnaendelea.

Tufike kwenye kudai kwenyewe, maana watu wengi hukosea hapa wakiwa wameshamaliza kazi ngumu. Kuwasilisha ritani peke yake hakuleti pesa. Ritani ikishaonyesha kwamba umelipa zaidi, kuna ombi la pili, la kurudishiwa, linalojazwa humo humo kwenye iTax. Humo unaeleza sababu, unaambatanisha P9 au cheti, unaweka akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Si ya mume, si ya dada. Asipolijaza, ile ziada inakaa tu kwenye vitabu vya KRA, na mwenyewe anaendelea kukopa kwa simu kwa riba ya kuua.

Dirisha ni miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa. Kwa hivyo msiulize kuhusu mwaka jana peke yake. Ulizeni kuhusu kazi zote za miaka hiyo. Na wale waliojaziwa nili huko nyuma, huu ndio wasaa wao: ritani inaweza kurekebishwa, nayo pia ndani ya miaka mitano. Mnaifungua ile ya mwaka husika, mnaijaza upya kwa P9, ndipo mnaomba. Inachosha, lakini ile 26,000 ya fundi wetu iko nyuma ya hicho kitufe.

Tahadhari moja kabla ya kubonyeza: angalieni kama ana faini. Kila mwaka ambao hakuwasilisha ritani una faini isiyopungua 2,000, na KRA inaweza kuchukua unachodai ikalipia unachodaiwa. Mtu anayedai 3,600 na ana miaka miwili ya faini ataishia bila kitu, tena akiwa bado na deni. Mwonyesheni namba zote mbili, kisha aamue mwenyewe.

Sasa kuhusu ninyi. Msishike paswadi ya mtu, hata kwa nia njema, hata kama anawaomba mumwekee. Msipige picha kitambulisho kikabaki kwenye simu zenu. Na msichukue asilimia. Wameanza kuzunguka watu wanaosema, "Nitakurudishia ushuru wako, tugawane nusu kwa nusu." Wengine wanatuma ujumbe wa simu kwamba KRA imekuidhinishia pesa, tuma namba ya siri ya M-Pesa upokee. Siku ile mmoja wenu atachukua hata soda kwa kazi hii, mtaa utatuweka kundi moja nao, na hautakuwa umekosea. Kudai ni bure pale KRA na ni bure hapa. Aliyeguswa sana aombe Mungu awabariki.

Najua kuna swali ambalo limeletwa na mama mmoja hapo nyuma kabla sijaanza, na ameniruhusu nilijibu mbele ya wote. Anasema mume wake alikatwa, anadai, lakini wana kibanda cha mboga na wanaogopa: wakienda kudai, si watakuwa wamejipeleka wenyewe wachunguzwe?

Mama, nakujibu bila kuzunguka. Ombi la kurudishiwa pesa huangaliwa, ndiyo, kwa sababu hakuna anayetoa pesa bila kuangalia. Watakachokiangalia ni ritani ya mume wako na karatasi zake. Kibanda, kama ni chako na PIN ni yako, ni hesabu yako, si yake. Biashara ambayo mauzo yake hayafiki milioni moja kwa mwaka haimo kwenye ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Lakini faida yake bado ni mapato, inaandikwa kwenye ritani yako wewe, na ukiondoa gharama za kibanda, faida isipozidi 288,000 kwa mwaka na huna mapato mengine, ile nafuu ya 28,800 inaumeza ushuru wote. Andika ukweli, weka kijitabu cha kununua na kuuza, na mumeo adai kilicho chake. Kama kibanda ni chake, basi faida iingie kwenye ritani yake kabla ya kudai, na tutapiga hesabu pamoja tuone kilichobaki. Huenda kikapungua, hata kubadilika kikawa deni dogo. Utajua hapa mezani, kwa penseli, kabla hatujatuma chochote.

Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi. Waambieni watu waje na kitambulisho, PIN, P9 au karatasi za mshahara, vyeti vya bima, na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lao. Wenye kompyuta zenu, leteni chaja na nyaya za kuongezea umeme. Soketi za ukumbi huu ziko upande mmoja tu. Na yule atakayekaa mlangoni kupokea watu, swali lake la kwanza liwe, "Mwaka jana ulifanya kazi wapi?"